Genge la Herufi Nne

Ukitaka kumkasirisha Shangazi, usimtukane. Matusi ameyazoea, amefanya kazi hospitali miaka kumi na tisa, na mgonjwa mwenye maumivu hana adabu. Mwandikie tu kwenye karatasi herufi nne, O, U, G na H, kwa mpangilio huo huo, halafu umsogezee. Utamwona anavyobadilika sura. Ataishusha miwani hadi puani, ataikazia macho karatasi kama mtu aliyekuta nyayo za mwizi uani kwake, kisha atakwambia, "Hao tena? Hizo siyo herufi, hilo ni genge."

Jina lake lipo kwenye kitambulisho, lakini hakuna anayelitumia. Wodi nzima ya kifua ilimwita Shangazi, hata wazee waliomzidi umri. Alikuwa mhudumu wa wodi. Yaani ndiye aliyepiga deki, ndiye aliyebadilisha mashuka, ndiye aliyemwogesha asiyeweza kuinuka na kumlisha asiyeweza kushika kijiko. Akiwa huko mwisho wa korido na ndoo yake, akisikia mtu anakohoa, angekwambia ni kitanda cha ngapi, kikohozi ni kikavu au kina makohozi, na kama mwenyewe ameacha sigara kweli au anamdanganya daktari.

Sasa mwaka huo ukatoka waraka. Nyaraka, jamani! Ukabandikwa kwenye ubao wa matangazo ukiwa na mihuri miwili, kana kwamba mmoja ungeona aibu kukaa peke yake. Ulisema kuanzia mwaka ujao hakuna mhudumu atakayemgusa mgonjwa bila cheti cha uuguzi msaidizi. Asiye na cheti atapelekwa kufulia. Na cheti kilikuwa na mitihani miwili: wa vitendo, na wa kusoma kwa sauti maneno ya Kiingereza na kutaja maana zake.

Mtihani wa vitendo Shangazi aliupita hata jasho halikumtoka. Msimamizi mwenyewe alimwomba arudie kumgeuza mgonjwa, siyo kwa kuwa alikosea, ila alitaka kuiba ule ujuzi. Kusoma ndiko kulikomwangusha. Alifeli mara ya kwanza, akafeli mara ya pili, na waraka ulisema mara ya tatu ndiyo ya mwisho.

Kufulia siyo jela, hilo linajulikana. Mshahara ni ule ule, na kuna kukaa. Lakini kule chini kuna mashine tatu, mvuke na malundo ya mashuka, na shuka halikuulizi umelalaje. Shangazi alizaa mara moja tu, na mtoto hakukaa. Watu wake walikuwa wale wa vitanda ishirini na nane.

Aliyemfundisha alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu lakini ulimi wake ukakataa kustaafu. Alikuja kila jioni na kadi alizozikata kwenye boksi la sabuni, akakaa kwenye meza ya jikoni kama yuko mbele ya darasa.

"Soma hii," akasema siku ya kwanza kabisa, akainua COUGH.

"Kough," akasoma Shangazi, na ile gh akaitoa vizuri, ya kooni hasa, kama ya ghala.

"Ala! Umepaliwa?"

"Nimesoma kilichoandikwa."

"Linasomwa kofu."

"F iko wapi?"

"Haipo."

"Haipo! Sasa wewe umeitoa wapi?"

"Wifi, hivi ndivyo wenyewe wanavyolisema. Kofu. Kukohoa."

"Kukohoa nakujua, nakufutia sakafuni kila siku. Nauliza hiyo gh. Sisi tunayo. Ghali, ghasia, ghadhabu. Ukiiandika, unaisema. Hawa wanaiita, wanaikalisha mwishoni, halafu wanaiziba mdomo. Kama walikuwa hawaitaki waliialika ya nini?"

Wifi mtu alicheka mpaka akajifuta machozi, na kwa kweli hakuwa na jibu. Mwalimu asiye na jibu hutunga kanuni. Akamwambia, "Shika hivi: ukiwaona hao wanne mwishoni, sema afu. ROUGH, rafu. TOUGH, tafu. ENOUGH, inafu."

Hapo Shangazi akafurahi. Rafu aliijua, mumewe akitazama mpira kila dakika kuna rafu ambayo refa hakuiona. Akaishika kanuni yake kwa mikono miwili, akaenda nayo kwenye mtihani wa pili. Wakamwinulia kadi ya DOUGH.

"Dafu," akasoma, bila hata kusita.

Loo! Karani wa jopo alilazimika kutoka nje. Mwenyekiti, mtu mzima mwenye tai, alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Mama," akasema, "hilo linasomwa do. Ni donge la unga. Dafu ni jambo jingine kabisa."

Shangazi akarudi nyumbani nyongo imempanda. Wifi alikuwa amekaa mlangoni anasubiri matokeo.

"Ulinifundisha dafu!"

"Sikukufundisha dafu, nilikufundisha rafu."

"Ulisema wote ni afu!"

"Nilisema wengi."

"Wengi! Nimechekwa na mtu wa kuajiriwa juzi, Wifi. Karani! Bado ana chunusi!"

Walinuniana siku nne. Siku ya tano Wifi akaja na kadi zake kama kawaida, akaziweka mezani, akasema, "Mficha uchi hazai. Tuanze upya, na safari hii hakuna kanuni. Kila mmoja wa genge hili ana jina lake la utani, na tutamkamata mmoja mmoja."

Ndipo nyumba ikageuka. DOUGH ikabandikwa kwenye ndoo ya unga. THROUGH ikakaa juu ya mlango, kwa kuwa maana yake ni kupitia, na kila aliyepita chini yake alipaswa kusema "thru" au arudi alikotoka. THOUGH, dho, Shangazi aliifunga na neno dhoruba, akaikata kabla mvua haijaanza. ENOUGH iliwekwa ukutani mkabala na kiti cha mumewe, na kila alipotaka kuongeza sukari alionyeshwa kidole.

"Nyumba hii imekuwa kama ofisi ya posta," mume akalalamika.

"Thru!" wakamjibu wote wawili, kwa kuwa alikuwa amesimama mlangoni.

Usidhani ilikuwa raha. Vicheko vilikuwa vya jioni. Asubuhi Shangazi aliamka na maneno yote yamechanganyika kichwani, dho limekuwa do, do limekuwa dau, akasimama mbele ya ile ndoo ya unga akilia kwa hasira, mwanamke wa miaka hamsini na mbili. Siyo kwamba alikuwa mjinga. Angekuwa mjinga asingeumia. Alikasirika kwa sababu alijua kitu chenyewe, alikijua kwa mikono, na sasa alikuwa anazuiwa na tahajia.

Wiki tatu kabla ya mtihani, akaletwa mzee mmoja kitanda namba saba. Fundi mwashi, mikono migumu kama matofali yake. Alikuwa na kwikwi. Siyo hii yetu ya kunywa maji ikaisha. Kwikwi ya siku mbili mfululizo, inamrusha kitandani, anakwambia nusu ya jina lake na nusu nyingine anaimeza. Daktari wa zamu, binti mmoja mpole, alimpima, akaandika kwenye faili neno moja, HICCOUGH, na dawa za kuanzia, akaondoka kwa mapumziko yake ya siku mbili. Mwandiko wake, mwenyewe anaujua. Dawa hazikusomeka, neno likasomeka.

Asubuhi faili likafika mezani kwa Sista, kiongozi wa wodi. Sista hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wauguzi wawili pungufu, simu inalia, na wodi nzima inamngoja. Akalisoma lile neno kwa haraka. Akaliona "hi", akaliona "cough", akafunga hesabu: hi ni juu, cough ni kikohozi, basi ni kikohozi kilichopanda, kikohozi kikali. Akaagiza dawa ya kikohozi, barakoa, na kitanda kisogezwe dirishani mbali na wenzake.

Shangazi aliposukuma kile kitanda alisimama njiani. Mzee alikuwa anaruka ndani ya barakoa: kwik! Kimya. Kwik!

"Sista," akasema, "huyu hakohoi. Ana kwikwi."

"Shangazi, daktari ameandika."

"Daktari ameandika, ndiyo, lakini msikilize mwenyewe."

"Ninasikiliza simu mbili hapa!" Sista akafoka. Halafu akaongeza lile lililochoma: "Na kuhusu kusoma, tuwaachie waliosoma. Wewe mtihani wako bado."

Basi. Asiyekuwa na cheti hana macho wala masikio. Wodini pale lililoumwa lilikuwa faili. Mtu aliyelala chini yake alikuwa ushahidi tu, na ushahidi wenyewe haukusikilizwa. Siku mbili yule mzee alinyweshwa dawa ya kikohozi. Ilishuka, ikapanda. Hakula, hakulala. Siku ya pili jioni alimshika Shangazi mkono akasema, kwa vipande vipande, kuwa amejenga nyumba mia na zaidi na hajawahi kuchoka namna hii. Shangazi akakaa naye, akamkanda mgongo, na kila kwik aliyoisikia ilikuwa kama mtu anamchoma sindano yeye.

Daktari aliporudi alisimama miguuni mwa kitanda, akashangaa. "Barakoa ya nini? Nani kampa dawa ya kikohozi? Mimi niliandika hikap!"

Sista alikuwa nyuma yake, uso umemshuka. Shangazi alikuwa na fagio mkononi. Alikuwa na kila sababu ya kusema, na neno lilikuwa limefika kwenye meno. Akamtazama Sista, akaliona lile tetemeko la midomo ya mtu mzima anayekaribia kuaibika mbele ya vijana wake. Akameza.

"Wakati wa kupokezana zamu hawakuelewana, daktari," akasema.

Daktari akabadilisha dawa, na kabla ya usiku mzee akalala. Kisha binti yule, kwa upole wake, akamwandikia Shangazi neno lile kwenye kipande cha karatasi, kwa kuwa alimwona analichungulia. "Linaandikwa hivi, lakini linasomwa hikap. Zamani wenyewe walidhani linahusiana na kikohozi, wakaliandika kama kikohozi. Walikosea, na kosa likabaki."

"Kumbe hata wenyewe!" akasema Shangazi. Siku hiyo alirudi nyumbani akacheka peke yake njiani. Sista, kwa upande wake, hakulitaja jambo lile tena, wala asante hakuitoa.

Siku ya mtihani ikafika. Chumba kilikuwa cha ofisi ya utawala: meza ndefu, kiti kimoja cha mbao upande wa pili, kabati lenye mafaili na kamusi moja kuukuu isiyo na jalada. Mwenyekiti alikaa katikati na tai yake. Kulia kwake karani, yule yule wa chunusi. Na kushoto, kwa kuwa waraka ulitaka kiongozi wa wodi awepo, alikaa Sista.

"Mama, karibu tena," akasema Mwenyekiti. "Kadi ishirini. Kupita ni kumi na sita. Nimeweka mengi ya familia ile unayoipenda." Akatabasamu. Mwenyekiti aliyapenda sana maneno yale. Alisema ndiyo yanayomtenganisha aliyesoma na aliyepita karibu na shule.

Shangazi akapiga moyo konde. COUGH: kofu, kikohozi. DOUGH: do, donge la unga, na akamkazia macho karani mpaka akainamia karatasi. THROUGH akalipita kama mlango wa nyumbani kwake. ENOUGH, inafu, inatosha. THOROUGH lilimponyoka, akalisema kama THROUGH, alama ikaenda. BOUGH likamtupa pia. Mengine mawili hayakuwa hata ya genge. Aliyakosa kwa woga tu, ulimi umekauka. Zilipofika kadi kumi na tisa, alikuwa na kumi na tano. Imebaki moja. Alijua, na wao walijua kwamba anajua.

Mwenyekiti akainua kadi ya mwisho. HICCOUGH.

Jamani, wewe ungefanyaje? Katika maneno yote ya lugha ile, wamemletea la kitanda namba saba! Shangazi akasema kwa sauti iliyojaa chumba: "Hikap. Ni kwikwi."

Mwenyekiti akatikisa kichwa polepole, kwa masikitiko ya mtu anayefurahia. "Hapana, mama. Hikofu. Kikohozi kikali. Ulikuwa karibu sana. Kumi na tano."

Karani akaanza kuandika.

"Ngoja," akasema Shangazi.

Hajawahi, miaka kumi na tisa, kumwambia mkubwa wake ngoja. Hata kiti kilishangaa. "Mwenyekiti, samahani. Linasomwa hikap. Nimeambiwa na daktari."

"Daktari gani? Mimi ndiye niliyetunga mtihani huu."

"Basi tufungue kamusi. Ile pale."

"Mama, hatuwezi kufungua kamusi kwa kila mtu asiyeridhika."

"Siyo kila mtu. Ni mimi, na ni mara moja, na ni ya mwisho. Kuuliza si ujinga."

Karani alikuwa ameshainuka. Udadisi wa kijana hauna nidhamu. Akalipata neno, akaweka kidole. Pembeni yake palikuwa na zile alama za matamshi, vijidudu vya ajabu, kimoja kama V iliyosimama kichwa chini. Karani akazitazama, akampelekea Mwenyekiti. Mwenyekiti akazitazama. Ikawa wazi kwa wote waliokuwemo kuwa hakuna anayejua kuzisoma.

"Hizi ni alama za kitaalamu," akasema Mwenyekiti.

"Mimi hizo sizijui," akasema Shangazi, amesimama sasa, ameinama juu ya meza. "Hiyo iliyopinduka siijui, na hako kakistari sikajui. Lakini ya mwisho hapo ni P. P naijua, nimeifahamu tangu darasa la kwanza. Mnaiona P au hamuioni?"

Karani akasema kwa sauti ndogo, "Ni P, mzee."

Mwenyekiti akaivuta kamusi karibu, akasoma maelezo yaliyofuata, kimya kimya, midomo ikicheza. Mtu alikuwa anaweza kumwona anafika mwisho wa sentensi na kuelewa. Masikio yakamwiva. Akaifunga.

"Kamusi hii ni ya zamani," akasema. "Na jibu linalohesabiwa ni lile lililo kwenye karatasi ya majibu. Karatasi ilishatiwa muhuri."

Shangazi akamgeukia Sista. Alimtazama tu, kwa macho ya mtu anayedai chake bila kukitaja. Neno moja la Sista lingetosha. Kiongozi wa wodi ana kura. Sista akakunja karatasi iliyokuwa mbele yake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Sista, una la kuongeza?" akauliza Mwenyekiti.

"Mwenyekiti ameshasema," akajibu Sista.

Shangazi akatoka. Koridoni alisimama ukutani, hasira imemjaa mpaka machozi yamekosa pa kupita. Amefeli kwa kusoma sawa! Angekosea kama wao angepita. Hilo ndilo lililomkaba: siyo kwamba hakujua, ila alijua kuliko karatasi.

Mlango ukafunguka nyuma yake, ukafungwa taratibu. Ni Sista.

"Shangazi," akanong'ona, akitazama huku na huku. "Ulisoma sawa. Nilitaka ujue kwamba najua."

"Najua kwamba unajua. Sasa rudi ukaseme ndani."

"Unaelewa nikisema hilo, wataniuliza nimelijuaje. Nina miaka mitatu tu kabla ya..."

"Mimi nimeitwa hapa kusoma kwa sauti, Sista. Mara tatu nimeitwa, nimechekwa mara tatu, na nimesoma kwa sauti. Wewe ni neno moja tu."

Sista akautazama mlango. Akatazama saa ya kifuani. "Zamu inaningoja," akasema, akaondoka, viatu vyake vikilia koridoni kote.

Shangazi akabaki. Akafikiria kwenda nyumbani, kwa Wifi aliyekaa mlangoni. Akafikiria kumwita Sista kwa sauti na kumvua nguo mbele ya hospitali nzima, na kwa dakika moja nzima alitamani hivyo. Halafu likamjia jingine, likamtisha kuliko kufeli: wale mle ndani wameshalipa neno maana. Wameliandika. Mwakani watawafundisha wahudumu wapya, kumi, ishirini, kwamba ni kikohozi kikali.

Akasukuma mlango bila kubisha.

"Mama, umeshafeli," akasema Mwenyekiti, naye hakufoka, alionekana kuchoka. "Tafadhali."

"Najua. Sikurudi kwa ajili ya alama." Alisimama katikati ya chumba. "Kuna mzee alilala wodini kwetu. Fundi mwashi. Kwenye faili lake liliandikwa neno hilo, likasomwa kama mlivyolisoma nyinyi. Siku mbili alinyweshwa dawa ya kikohozi na ana kwikwi. Akafungwa barakoa, akatengwa na wenzake. Hakula, hakulala. Nilikuwa nimemshika mkono."

Karani aliacha kuandika.

"Nani alifanya hivyo?" Mwenyekiti akauliza.

"Aliyefanya ameshajifunza. Nyinyi bado."

Feni ya mezani iligeuka huku, ikageuka huko. Mwenyekiti alilegeza tai yake, akaifungua tena kamusi, akaweka kidole pale pale. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

"Linasomwaje tena, Shangazi?"

Akamsomea. Akamsomea mara tatu, kwa kuwa mbili za kwanza alilikosea, na karani naye akaingia, wakawa wote wawili wanasema hikap, hikap, mtu akipita nje angedhani wamepatwa na kwikwi. Shangazi aliwasahihisha mpaka wakaliweza. Kisha Mwenyekiti akachukua kalamu nyekundu, akasahihisha karatasi ya majibu kwa ajili ya watakaofuata, akamshukuru, akamweleza kwamba kwa bahati mbaya matokeo yaliyokwisha kuandikwa hayabadilishwi. Jumatatu saa moja asubuhi Shangazi akaripoti kufulia.